Kima, Papa na Punda wa Dobi: Namna ya Kusoma Alama za Hadithi

Wako watu wanaodhani kwamba hadithi za wazee ni za kuwalaza watoto tu, na kwamba mwanafunzi akiingia sekondari yampasa kuziacha nyumbani pamoja na magari yake ya mabua. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba sivyo. Hadithi nzuri imesukwa kama dema la kuvulia samaki: kila ufito umepita juu ya mwenziwe kwa sababu, na ukiung'oa mmoja samaki wote watatoka. Mwenye kusikiliza kwa furaha tu huona dema zima. Mwenye kusoma huona pia namna lilivyosukwa.

Tuanze na jambo tunalolijua sote. Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Tazama basi: pembe ile haina neno hata moja. Haisemi "njooni," haisemi "moto," haisemi "diwani anawaita." Hata hivyo mwenyeji akiisikia huacha jembe na kwenda, naye mgeni asiyejua desturi husikia pembe tu. Sauti ni moja, masikio ni mawili, lakini mmoja amepata habari na mwingine hakupata. Kwa nini? Kwa sababu baina ya mpiga pembe na mwenyeji pana mapatano. Mapatano ya namna hii, yanayoifanya alama iwe na maana, ndiyo wataalamu wanayoyaita msimbo, na wingi wake ni misimbo. Elimu ya kuchunguza alama na misimbo yake huitwa semiotiki.

Elimu hii ina wazee wake. Mswisi mmoja, Ferdinand de Saussure, ambaye mafunzo yake ya Geneva yalichapwa mwaka 1916 baada ya kufa kwake, alieleza kwamba hata neno ni alama ya mapatano. Neno "mti" halina majani wala kivuli. Ni sauti tu tuliyopatana itaje kitu kile. Mwaka 1928 Mrusi Vladimir Propp alichunguza ngano 100 za kwao, akaona kwamba ijapokuwa watu na wanyama hubadilika, vitendo vyao hurudi vile vile, navyo havizidi 31. Kisha mwaka 1970 Mfaransa Roland Barthes akachapa kitabu kiitwacho S/Z. Humo aliichukua hadithi moja ya Balzac ya mwaka 1830, akaikata vipande 561, akasema kwamba kila kipande kimefungwa na misimbo mitano.

Nami nimeona ni vema tuijaribu misimbo hiyo mitano juu ya hadithi yetu wenyewe, ili tujue kama dawa ya Paris yafaa Msata.

Hadithi yenyewe

Hadithi niliyoichagua ni ile ya Kima na Papa, yenye hadithi ya Punda wa Dobi tumboni mwake. Iliandikwa Unguja na Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika huko mwaka 1864, akaichapa London mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili. Mwaka 1901 George W. Bateman aliieleza tena kwa Kiingereza katika kitabu kilichochapwa Chicago. Nitaisimulia kwa kifupi na kwa maneno yangu.

Mkuyu mkubwa ulisimama ufukoni, matawi yake mengine yakitazama nchi kavu, na mengine yametanda juu ya maji. Kima alikuwa akila kuyu juu yake, na papa akimwomba amtupie. Wakala hivyo siku nyingi, wakawa marafiki. Hata siku moja papa akamwambia, "Wewe wanilisha kila siku, nami sijakukirimu. Twende kwetu." Kima akasema hajui kuogelea. Papa akamjibu kwamba atamchukua mgongoni. Kima akashuka, wakaenda.

Walipofika katikati ya bahari papa akasema kweli: sultani wao ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akafikiri kidogo, kisha akamwambia, "Ungalinieleza tangu kule, ningaliuchukua. Sisi kima tukitembea huiacha mioyo yetu mtini. Turudi nikautwae." Papa akageuka. Walipofika, kima akarukia tawi akapanda juu kabisa, akanyamaza. Papa akaita, kimya. Akaita tena. Ndipo kima alipomwuliza kama amemfanya yeye kuwa punda wa dobi.

Papa hakuijua habari hiyo, na kima akamweleza. Punda wa dobi alimtoroka bwana wake akakaa mwituni, akanenepa. Sungura akamwona, akaenda kwa simba aliyekuwa amedhoofika kwa ugonjwa, akaahidi kumletea nyama. Akamwambia punda kwamba simba anamposa. Punda akafurahi, akaenda. Simba akamrukia lakini nguvu hazikutosha, punda akampiga mateke akakimbia. Baada ya siku sungura akamrudia punda, akamwambia kwamba yale yalikuwa mapenzi tu, ndivyo simba wanavyokumbatia. Punda akaja mara ya pili, akauawa. Simba akaagiza awekewe moyo na masikio. Sungura akavila kwa siri. Simba alipoviuliza, sungura akajibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, maana angalikuwa navyo asingalirudi.

Kima akamaliza hivi: wewe wataka nishuke tena, nami si punda wa dobi. Urafiki ukaisha hapo.

Msimbo wa vitendo

Msimbo wa kwanza ni wa vitendo. Kitendo kimoja humwita kingine, kama vile kubisha hodi kunavyoita kukaribishwa. Mtu akialikwa, twangoja akubali au akatae. Akikubali, twangoja safari. Akisafiri, twangoja afike.

Viandike vitendo vya hadithi hii kwa mstari, utaona jambo la ajabu. Kualikwa, kushuka, kwenda, kweli kutolewa. Kisha uwongo kutolewa, kurudi, kupanda, kukataa mwaliko. Nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyopinduliwa. Katikati ya mstari hakuna pigano wala dhoruba; pana maneno mawili tu, kweli ya papa na uwongo wa kima. Hadithi yote imeegemea hapo kama mizani inavyoegemea msumari wake.

Msimbo wa fumbo

Msimbo wa pili ni wa fumbo. Hadithi huuliza swali na kuchelewesha jibu, ili msikilizaji asilale. Mwaliko wa papa una fumbo: kwa nini leo, baada ya siku zote hizo? Jibu limechelewa mpaka kilindini. Fumbo la pili ni ule ukimya wa kima juu ya mti. Msimuliaji hodari hunyamaza hapa yeye mwenyewe, na watoto hucheka kabla ya papa kujua, kwa maana wao wamekwisha kulijua jibu. Fumbo la tatu ni swali la simba: moyo uko wapi? Hapa msikilizaji anajua, simba hajui. Mafumbo matatu, nasi tumepandishwa ngazi kila mara: kwanza hatukujua pamoja na kima, kisha tukajua naye, mwisho tunajua kuliko simba mwenyewe.

Msimbo wa sifa

Wa tatu ni wa sifa. Msimuliaji hasemi "kima alikuwa mwerevu." Anasema kwamba "alifikiri kidogo," nasi tunajaza. Kadhalika kunenepa kwa punda kwaonyesha raha isiyo na tahadhari. Tena jina lake halipo; anaitwa kwa jina la bwana aliyemtoroka. Amekwenda mwituni, amekuwa huru, lakini angali "wa dobi." Alama hii ndogo yatuambia kwamba mtu aweza kuikata kamba shingoni asiikate kichwani.

Msimbo wa vinyume

Msimbo wa nne ndio ulio mzito, nao umesimama juu ya vinyume. Juu na chini, mti na maji, kwenu na kwetu, kupewa na kunyang'anywa. Mkuyu umewekwa mpakani kwa makusudi: nusu nchi kavu, nusu baharini. Maadamu kila mmoja amekaa upande wake na tunda likitoka juu kwenda chini, urafiki unawezekana. Kima akishuka, mpaka umevunjwa, naye amekuwa tunda.

Lakini kinyume kikubwa kuliko vyote kimo ndani ya neno moja, "moyo." Katika Kiswahili moyo ni nyama iliyo kifuani, na moyo vile vile ni fikira, ushujaa na nia. Husema "fulani ana moyo," na hatumaanishi nyama. Sasa tazama. Papa anataka moyo wa nyama. Kima anamjibu kana kwamba nyama hiyo ni kitu cha kuachwa mtini kama kofia. Kwa msimbo wa mwili huo ni uwongo. Kwa msimbo wa pili ni kweli kabisa: alipopanda mgongo wa papa bila kuuliza, kima aliiacha busara yake mtini, na aliporudi mtini aliipata.

Sungura naye afanya mchezo ule ule kwa kinyume chake. Simba auliza juu ya nyama, sungura ajibu juu ya akili. Kima aligeuza fikira kuwa nyama ili aokoke. Sungura aligeuza nyama kuwa fikira ili ashibe. Mlango ni mmoja: mmoja ameingilia, mwenziwe ametokea. Nayo masikio yamewekwa pamoja na moyo kwa sababu wahenga wetu wameyaweka pamoja na mauti: sikio la kufa halisikii dawa.

Ndiyo maana hadithi ya punda haikubandikwa tu kama kiraka. Bila yake tungesikia habari ya kima mjanja, basi. Pamoja nayo twajifunza kupambanua makosa mawili: kudanganywa mara ya kwanza, ambako kwaweza kumpata yeyote mwenye rafiki, na kudanganywa mara ya pili na mtu yule yule, kwa mwaliko ule ule.

Msimbo wa mazoea

Wa tano ni msimbo wa mazoea, yaani yale yote ambayo msimuliaji hayaelezi kwa kuwa wasikilizaji wanayajua. Hakuna anayeeleza kwa nini kima aliona haya kuukataa mwaliko. Pwani yajulikana kwamba aliyekula kwako hutaka kukukirimu, na kukataa ni kumvunjia heshima. Mwenye kutaka kuijua dunia hiyo asome Desturi za Wasuaheli, kitabu cha mwaka 1903 kilichochapwa na Mjerumani Carl Velten. Sehemu yake kubwa ni maandishi ya mtu wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili.

Msimbo huu ndio ubadilikao upesi, na hadithi yetu ni ushahidi mzuri, maana imetoka mbali. Bara Hindi yasimuliwa tangu zamani katika Panchatantra, na huko aliye majini ni mamba. Karne ya 6 kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiajemi cha kale, na karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakifasiri kwa Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Katika Kiarabu aliye majini ni kobe, na mdanganyifu wa punda ni mbweha. Ilipofika Unguja kobe akawa papa, na mbweha akawa sungura wetu. Huko Uhindini anayetaka moyo ni mke wa mamba. Unguja anayeuhitaji ni sultani. Badiliko hili si dogo. Mamba wa Hindi amsaliti rafiki kwa ajili ya nyumba yake. Papa wa Unguja amsaliti kwa kuwa ametumwa na mkubwa. Katika mji uliotawaliwa na masultani, wasikilizaji walijua uzito wa neno hilo.

Marehemu bibi yangu, aliyezaliwa karibu na Mto Wami na ambaye hakupata kusoma, hakumtaja papa hata siku moja. Katika hadithi yake alikuwa mamba wa Wami, na mkuyu uliota ukingoni, kama mikuyu inavyoota hasa. Hakujua kwamba amemrudisha mamba wa Bara Hindi mahali pake. Aliweka tu mnyama ambaye wajukuu zake walimwogopa. Jirani, mti mpakani, mwaliko, moyo, kurudi: hayo hakuyagusa. Ndivyo tunavyoweza kutambua kipi ni mfupa wa hadithi na kipi ni nguo yake.

Je, hadithi yafundisha uwongo?

Nilipoisoma hadithi hii na Kidato cha Tatu, mwanafunzi mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, mbona twafundishwa kusema uwongo? Papa alisema kweli, na kima alisema uwongo, na kima ndiye anayesifiwa." Swali hili ni zuri, na darasa liligawanyika.

Msichana mmoja akajibu kwa kutumia mstari wa vitendo tulioandika ubaoni. Alisema, "Papa alisema kweli, lakini tazameni aliisemea wapi. Aliisema katikati ya bahari, ambapo kima hana la kuchagua. Kweli inayongoja mpaka huwezi kukataa si kweli, ni kamba." Sikuwa na la kuongeza. Neno lile lile lililosemwa chini ya mkuyu lingalikuwa ombi. Lililosemwa kilindini lilikuwa hukumu. Maana ya usemi haiko katika maneno peke yake. Iko pia katika mahali na wakati.

Faida yake kwetu

Mzazi aweza kuuliza kwamba elimu hii yafaa nini, nje ya mtihani. Nitamjibu kwa jambo nililoliona.

Msata ni njia panda. Barabara itokayo Chalinze kwenda Segera hukutana hapa na ile ya Bagamoyo, na mabasi hayakatiki. Kwa hiyo mialiko nayo haikatiki. Huja mtu aliyevaa vizuri akasema, "Nipeni binti huyu nikamtafutie kazi mjini, atakaa nami kama mwanangu." Binti mmoja wa jirani yangu alichukuliwa hivyo na mama mmoja waliyemfahamu kidogo. Huko mjini ndipo alipoambiwa kwamba mshahara hautakuwapo kwa sasa, na nauli ya kurudi hana. Alitumika miezi minane, kisha akarudi kwa msaada wa dereva mwenye huruma, mikono mitupu, na mwaka wa shule umempita.

Haukupita muda mrefu, yule mama akatokea tena. Alikuja na doti ya kanga na maneno matamu. Akasema mambo ya kwanza yalikuwa kutoelewana tu, na kwamba ukali wake ndio malezi yenyewe. Mama mzazi wa binti alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha uji, kisha akasema kwa upole, "Dada yangu, asante kwa kanga. Lakini mwanangu si punda wa dobi."

Hakusema zaidi. Hakumtukana, wala hakumwita mwongo mbele ya watu. Mgeni alinyamaza, akainama, akazichukua kanga zake, akapanda basi la jioni. Maneno yale yalikuwa mbiu ya mgambo: wapita njia walisikia habari za punda, lakini wawili wale walisikia kisa kizima, tangu posa ya uwongo hadi masikio. Binti yule yuko shuleni sasa, Kidato cha Pili.

Basi wasomaji wapenzi, mwaliko wowote ukikufikia, jaribu kuusoma kwa misimbo hii. Kitendo gani kitafuata kitendo hiki, na je, naweza kurudi nyuma? Kuna fumbo gani ambalo jibu lake limecheleweshwa, na kwa nini? Neno hili, kama vile "kazi" au "mwanangu," linatumika kwa maana ipi kati ya maana zake? Na je, hii ni mara ya kwanza, au ni mara ya pili?

Muhula unakwisha, na wengi wenu mtarudi makwenu, Lugoba, Miono, Mandera, Mbwewe na kwingineko. Nawaombeni kazi moja ya likizo. Kaeni na babu na bibi zenu, waombeni hadithi moja kwa Kikwere, Kizigua, Kidoe au Kiswahili, mwiandike kama ilivyosemwa, bila kuisahihisha. Kisha muulize: nani yuko juu, nani yuko chini, mpaka uko wapi, na ni neno gani lenye maana mbili? Mkija nazo muhula ujao, tutazisoma pamoja na kuzitoa katika gazeti hili. Wazee hawatakaa nasi milele, na hadithi isiyoandikwa wala kusimuliwa hufa pamoja na mwenyewe. Nawatakieni likizo njema.